Shajara ya jedwali la harusi ya mdogo wangu, Julai hadi Desemba 2024

Jumapili, 21 Julai

Kikao cha kwanza cha kamati kimefanyika leo kwa baba mdogo, Tabata. Tumefika watu 19. Baba mdogo ndiye mwenyekiti, binamu yangu katibu, na mimi dada wa bwana harusi nimepewa uhazina kwa sababu nafundisha hesabu. Harusi ni Jumamosi, 30 Novemba, Morogoro wanakoishi wazazi. Kesho yake Majilio yanaanza, na parokia yetu haifungishi ndoa kipindi hicho. Kwa hiyo Jumamosi hiyo inagombewa, na wenye kumbi wanalijua hilo.

Ahadi zilizotolewa leo: shilingi 6,450,000. Pesa taslimu mezani: 380,000. Makofi yalipigwa kwa ile ya kwanza.

Harusi ya kaka yetu mkubwa, mwaka 2016, iliacha deni la ukumbi. Baba alikopa SACCOS kulifuta na akakatwa mshahara mwaka mzima. Daftari la harusi ile ninalo. Nimelisoma usiku huu ukurasa kwa ukurasa, na kosa linaonekana wazi: michango imeandikwa kwenye safu moja, aliyetoa na aliyeahidi wamo pamoja, na jumla chini ni ya wote. Kamati ile ilitumia pesa ambazo hazikuwahi kufika. Sitaki baba akope tena, hasa sasa akiwa mstaafu.

Jumapili, 28 Julai

Faili iko tayari kwenye Google Sheets. Nilianza na Excel ya kompyuta ya shule, nikaona haitafaa: katibu yupo Kibaha, mwenyekiti anatumia simu tu, na kila mmoja anatakiwa aone namba zile zile siku ile ile.

Nimeweka laha nne, yaani kurasa nne ndani ya faili moja. Ya kwanza ni BAJETI: kila kitu kina makadirio, bei tuliyokubaliana na muuzaji, tuliyolipa hadi leo, na salio. Ya pili AHADI: jina, simu, kiasi alichoahidi, kiasi alichotoa, kilichobaki. Ya tatu MIAMALA, kila pesa inayoingia na mstari wake, tarehe, kiasi na namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa simu. Ya nne MATUMIZI, kila senti inayotoka na picha ya risiti.

Safu ya "alichotoa" haijazwi kwa mkono. Inajijaza kwa SUMIF, fomula inayojumlisha miamala ya mtu husika, kutoka laha ya MIAMALA. Hili nimelisisitiza kwa katibu: huwezi kumwekea mtu alama ya kulipa bila muamala unaoonyesha pesa imeingia siku gani.

Makadirio ya kwanza ni 24,000,000 kwa wageni 250. Chakula sahani 20,000 kwa kichwa, jumla 5,000,000. Vinywaji 4,200,000. Ukumbi 3,000,000. Mapambo 3,000,000. Halafu MC na muziki, picha na video, mavazi, magari, matarumbeta, keki, kadi, kanisa. Dharura tumeiwekea 300,000, na moyo wangu unasema ni ndogo mno.

Sendofu na kicheni pati ni za upande wa bibi harusi, wana kamati yao. Mahari ilishamalizwa na wazee. Hayo hayaingii humu.

Jumapili, 11 Agosti

Leo nimepoteza saa mbili. Jumla ya laha ya MIAMALA inasema 1,640,000. Salio la laini ya simu tunayopokelea michango ni 1,990,000. Tofauti 350,000, na pesa ipo nyingi kuliko hesabu, si pungufu.

Nilipitia ujumbe mmoja mmoja, yote imeandikwa. Kisha nikaona kwamba baadhi ya tarakimu zimeegemea kushoto mwa kisanduku na nyingine kulia. Katibu anaandika kama tunavyoandika sote tangu shule ya msingi: 50,000/=. Kwetu hiyo ni pesa. Kwa jedwali hayo ni maneno, na SUM, fomula ya kujumlisha, inayaruka bila kulalamika. Miamala saba ya 50,000/= ilikuwa imerukwa, ambayo ni 350,000 kamili.

Nimefuta alama zile, kisha nikaweka uhakiki kwenye safu ya kiasi ili isipokee chochote kisichokuwa namba. Anayeandika /= sasa anakataliwa palepale. Nimempigia katibu simu kumweleza kwa utulivu, kwa sababu hakukosea. Ameandika Kiswahili sahihi cha pesa. Jambo hili nimelieleza kirefu kwa sababu nina hakika majedwali mengi ya kamati yana tundu hili na wenyewe hawajui.

Jumamosi, 24 Agosti

Tumekwenda Morogoro watu wanne kuona kumbi, kwa treni ya umeme iliyoanza safari zake mwezi Juni. Nauli 13,000 kwenda na 13,000 kurudi. Nauli tumejilipia wenyewe, na nimeomba iwe hivyo kwa safari zote za kamati. Mtu aliyetuma 20,000 yake kutoka Kahama hakuituma ili mimi nipande treni.

Kumbi mbili zilishachukuliwa. Ya tatu ilikubali 3,000,000. Tulishangilia, hadi karatasi ya malipo ilipoletwa na kusomeka 3,540,000. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 haikuwamo kwenye bei tuliyotajiwa mdomoni. Kosa ni letu, hatukuuliza. Tumelipa nusu, 1,770,000, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, tumepewa.

Kwenye laha ya BAJETI nimeongeza safu mpya: "VAT imo?" Jibu ni ndiyo au hapana, na pasipo na jibu kisanduku kinakuwa chekundu. Nilipojaribu leo usiku, visanduku tisa vilikuwa vyekundu. Wiki hii nitapiga simu tisa.

Bajeti sasa 24,540,000.

Jumapili, 15 Septemba

Mambo mawili.

La kwanza, majina. Mama mkubwa wa Tabora yumo mara tatu: kwa jina lake, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na kama "Mama Mkubwa TBR". Kila aliyezungumza naye alimwandika upya, na ahadi yake ya 200,000 ikawa 600,000. Jina la mtu kwetu si kitu kimoja. Mtu ana la ubatizo, la mtoto, la ukoo na la mtaani. Namba ya simu ni moja. Kwa hiyo namba ya simu ndiyo inayomtambulisha mtu humu, na fomula ya COUNTIF, inayohesabu kitu kimo mara ngapi, inapaka njano kila namba inayojirudia. Mama mkubwa peke yake alikuwa na 400,000 za ziada. Wengine wawili walijirudia, mmoja kwa 200,000 na mwingine kwa 100,000. Ahadi zilizoonekana 18,700,000 kumbe ni 18,000,000.

Namba za simu nazo zina tabu yake. Ukiandika namba inayoanza na 0, jedwali linaila ile sifuri kwa kudhani ni hesabu. Safu nzima ya simu lazima igeuzwe kuwa maandishi kabla ya kuijaza. Nilijua baadaye, nikairudia mistari 112.

La pili limeniumiza zaidi. Katibu alirusha orodha nzima kwenye kundi la WhatsApp: jina, ahadi, na alama ya vema kwa waliomaliza. Ndivyo kamati nyingi zinavyofanya, na inasaidia kusukuma watu. Lakini jioni jirani yetu wa Morogoro, mama mjane anayeuza maandazi, alinipigia. Alikuwa ameahidi 10,000 na jina lake lilikuwa la mwisho kabisa, bila alama. Aliniomba radhi. Mtu mzima aliyenibeba mgongoni ananiomba radhi kwa shilingi elfu kumi.

Nimezungumza na baba mdogo. Kuanzia leo kundini tunaweka jumla tu: ahadi, zilizofika, matumizi, salio. Kila mchangiaji anapata mstari wake peke yake, kwa ujumbe wa faragha. Kamati inaona faili nzima, wengine hapana. Baadhi ya wajumbe wanasema michango itapungua. Nimekubali lawama ikipungua.

Jumapili, 6 Oktoba

Kikao kigumu. Zimebaki siku 55.

Ahadi 20,400,000. Zilizofika 8,160,000, yaani asilimia 40. Tumeshatumia 3,270,000 kwa malipo ya awali ya ukumbi, mapambo na picha. Salio 4,890,000.

Ajenda ilikuwa kupandisha mapambo kutoka 3,000,000 hadi 4,500,000, kwa kuwa "ahadi zipo". Baba mdogo alisema, "Mwanangu, ahadi ni deni, na hawa ni watu wazima." Nikamjibu kwa heshima kwamba ahadi ni deni kweli, ila mwenye ukumbi hapokei deni la mtu mwingine. Nikafungua kompyuta na kulionyesha jedwali ukutani.

Wiki nzima nilikuwa nimekaa na katibu na wifi yetu, tukapitia kila ahadi ambayo haijakamilika na kuipa daraja: uhakika, huenda, ngumu. Tuliangalia nani ameanza kupunguza, nani amepokea simu, nani anauguza, nani ana ada za watoto mwezi Januari. Haikuwa kazi ya kuhukumu watu. Tulikuwa tunaangalia hali zao. Yakatoka haya: uhakika 5,600,000, huenda 4,640,000, ngumu 2,000,000. Nikahesabu ya uhakika yote, ya huenda nusu, ya ngumu sifuri. Ukijumlisha na zilizofika unapata 16,080,000.

Bajeti 24,540,000. Pengo 8,460,000.

Ukimya ulikuwa mrefu. Kisha nikalitoa lile daftari la 2016 na kumpa baba mdogo ashike. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa harusi ile. Alifungua ukurasa wa mwisho, akausoma, akalifunga. Akasema, "Haya, tukate."

Tumekata kwa saa tatu. Wageni kutoka 250 hadi 200. Vinywaji tutanunua wenyewe kwa bei ya jumla badala ya kumwachia ukumbi, kwa makubaliano kwamba kreti ambazo hazijafunguliwa zinarudi. Magari ya msafara yatakuwa ya ndugu, sisi tunaweka mafuta. Kadi za karatasi ni kwa wazee tu, wengine watapokea kwenye simu. Wapambe wanajishonea wenyewe. Mapambo yameshuka hadi 2,200,000, na mpambaji alikubali kwa kuondoa maua ya asili kwenye meza za pembeni. Matarumbeta yalitetewa na baba kwa simu ya spika kutoka Morogoro, kwa maneno machache, na hakuna aliyepinga. Dharura nimeipandisha hadi 710,000, na hapo nilisimama imara, maana kila mtu alitaka kuila.

Bajeti mpya 19,500,000. Mdogo wangu amesema anaweka 2,000,000 zake mwenyewe. Linabaki pengo la 1,420,000, na hilo tunaweza kulifuatilia.

Jumapili, 20 Oktoba

Kisanduku kimoja kilibadilika kutoka 200,000 kuwa 20,000 na mwenye pesa akaja juu. Historia ya matoleo ilionyesha saa na akaunti iliyogusa: mmoja wa wajumbe alikuwa anapitisha kidole akiwa kwenye basi. Tumerudisha na kuomba radhi. Sasa wanaoandika ni wawili tu, wengine wanatazama.

Na hili la makato: ukimwomba mtu mchango unamwambia "tuma na ya kutolea", ila wengi hawaweki. Nimeacha kuwadai. Makato ya kutoa na kuhamisha yana mstari wake kwenye MATUMIZI, ili salio la jedwali na salio la simu visome sawa.

Jumapili, 3 Novemba

Kadi. Single, ya mtu mmoja, 50,000; double, ya watu wawili, 100,000, kama kawaida ya mjini. Hesabu ya vichwa sasa inatoka kwenye jedwali lenyewe, safu G yenye aina ya kadi:

=COUNTIF(G:G,"Single")+2*COUNTIF(G:G,"Double")+COUNTIF(G:G,"Familia")

Hiyo aina ya tatu, Familia, niliiombea kikaoni. Bibi yetu hajachanga kitu wala hakuulizwa. Padre, wazee wa jumuiya, yule mama wa maandazi aliyemaliza 10,000 yake mwezi Septemba: hawa nao wana kiti. Kama kadi ingefuata pesa peke yake, tungekuwa na ukumbi wa wafanyakazi wenzetu na waliotulea wangebaki nyumbani.

Single 74, double 48, Familia 22. Vichwa 192. Halafu watoa huduma nao wanakula: MC, wa muziki, wapiga picha, wapiga matarumbeta, madereva. Ni 14. Sahani 206, ambazo ni 4,120,000, na tulitenga 4,000,000. Hizo 120,000 zimetoka kwenye dharura, imebaki 590,000. Watoa huduma hawamo kwenye bajeti nyingi nilizowahi kuona, na matokeo yake ndugu wa mwisho kwenye foleni hukuta vyungu vitupu.

Jumapili, 17 Novemba

Ndugu mmoja aliyeahidi 300,000 amefiwa na mkewe. Mstari wake nilikuwa nimeuweka daraja la uhakika. Nimeondoa ahadi, nikaandika "Amesamehewa" kwenye hali, na kamati imechanga rambirambi kutoka mifukoni mwetu, si kwenye mfuko wa harusi. Jina lake litabaki kwenye orodha na kadi yake ipo.

Simu 40 wiki hii. Ninawapigia wenye daraja la huenda kwanza, jioni baada ya saa moja, wakishatulia nyumbani. Sianzi na pesa. Wengi wanakamilisha kwa mafungu, 20,000 leo, 30,000 mwisho wa mwezi, na kila fungu linapata ujumbe wa shukrani wenye salio lake.

Ijumaa, 29 Novemba

Morogoro. Saa sita usiku, mama na shangazi bado wanachambua mchele wa wageni wa nyumbani.

Michango 16,480,000 pamoja na 2,000,000 za bwana harusi: 18,480,000. Imepungua 1,020,000 kufikia bajeti. Mpiga picha amekubali 700,000 yake ya mwisho tumpe siku ya kukabidhi albamu, na tumeandikiana. Zinazobaki 320,000 zinatoshea ndani ya dharura ambayo haijaguswa tangu chakula. Ukumbi umelipwa wote. Chakula kimelipwa wote. Hakuna mtu atakayemfuata baba kesho mezani.

Vinywaji vimeshushwa. Dhamana ya kreti na chupa tupu nimeiandika kama pesa inayorudi, peke yake, isichanganywe na gharama ya soda. Kwenye daftari la 2016 dhamana hiyo iliandikwa kuwa matumizi, na sioni popote kwamba ilirudishwa.

Jumapili, 1 Desemba

Ndoa imefungwa. Sahani zimetosha. Baba alicheza matarumbeta kuanzia geti la ukumbi hadi meza kuu.

Watu 11 walinikabidhi bahasha mlangoni, na nimeandika kila moja papo hapo kwenye simu mbele ya macho yao. Saa nne asubuhi hii nimehesabu kreti na dereva wa duka la jumla. Dhamana imerudi yote. Kreti 17 za soda hazikufunguliwa, zimerudi pia.

Jumapili, 15 Desemba

Kufunga hesabu. Ahadi zote, baada ya walioongezeka na aliyesamehewa: 21,100,000. Zilizofika: 17,310,000, asilimia 82. Makisio yangu ya Oktoba yalikuwa 16,080,000, kwa hiyo niliwadharau watu kwa zaidi ya milioni moja. Nimefurahi kukosea upande huo. Pamoja na za bwana harusi, mapato 19,310,000. Matumizi, pamoja na albamu iliyokabidhiwa jana, 18,940,000. Baki 370,000. Deni, hakuna.

Kuvunja kamati kumefanyika leo kwa baba mdogo pale pale Tabata. Mazoea ni kuvunja kamati kwa pesa iliyobaki. Niliomba tusifanye hivyo, na nashukuru nimesikilizwa: kila mjumbe ametoa 15,000 ya nyama na vinywaji, na 370,000 zimetumwa kwa maharusi mbele ya kikao. Baba mdogo alisoma hesabu zote kwa sauti, mstari kwa mstari, kisha akasaini.

Ambao hawakutoa, 3,790,000, nimefunga safu yao. Hakuna atakayepigiwa simu tena.

Binamu yangu wa Kibaha anaoa Juni. Nimemtengenezea nakala ya faili, nimefuta majina na simu zote, nikaacha fomula. Dharura nimeiweka asilimia 10 ya jumla, na kisanduku chake nimekifunga.

Mama aliomba orodha ya waliochanga kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Nimeichapa, kurasa tano, na nimempelekea pamoja na lile daftari la 2016 alitunze. Amevaa miwani, amepitia majina akiweka kidole chini ya kila moja, akafika kwa jirani yake wa maandazi. "Huyu binti yake anaolewa Februari," amesema. "Tumwandikie kiasi gani?"

Nimefungua laha mpya. Mstari wa kwanza: Februari, jirani, 100,000. Safu ya "tulichotoa" nitaijaza siku tutakayotuma.